Mafuta ya Akinyi Hayakuniponya

Kanisani kwetu mtu akisimama kutoa ushuhuda huanza kwa kumsifu Bwana, watu wakaitikia, ndipo aseme lililomleta. Mimi sifa nitazileta mwishoni, nikishamaliza kusema ukweli. Mara ya kwanza nilianza na sifa, na wanaonijua wanajua zilinipeleka wapi. Wasionijua watajua sasa hivi.

Jina langu ni Roselyne. Nilizaliwa Magunga, upande wa Homa Bay, nikaolewa Masara, upande wa Migori. Huku Masara wananiita Mama Brian, au nyar Magunga, yaani binti wa Magunga. Niliugua ini nikachungulia kaburi. Nikapona. Kisha nikasimama mbele ya kanisa nikasema nimeponywa na mafuta ya mchaichai. Sikuponywa na mafuta ya mchaichai. Ninyi mnaonisimamisha sokoni kunipongeza, naomba mnisome mpaka mwisho.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mponda mawe. Pale kwenye machimbo ya dhahabu wanaume huingia shimoni, wanawake tunabaki juu. Jiwe linaletwa likiwa kubwa kama kichwa cha mtoto. Unakaa chini, miguu umeinyoosha, unaliweka ndani ya mpira wa gari uliokatwa mviringo ili kokoto zisiruke machoni, unaliponda kwa nyundo mpaka liwe changarawe ya kupeleka kwenye mashine ya kusaga. Unaanza asubuhi umande ukiwa bado, unaachia jioni. Mgongo unauma, mabega yanauma, kichwa kinauma kwa kelele na vumbi. Sijaona mponda mawe asiyeumwa. Akikwambia haumwi, ujue ameanza juzi.

Kwa hiyo sote tulikula vidonge. Sisemi tulimeza, nasema tulikula. Kwenye vibanda vyetu dawa ya maumivu inakaa pamoja na chumvi na kiberiti, na hakuna anayekuuliza karatasi ya daktari. Mimi nilikuwa na aina tatu. Vyeupe vya kichwa. Vya rangi mbili vya mgongo. Na vya mafua, kwa sababu vumbi lilinipigisha chafya siku nzima. Asubuhi nilianza na vya mgongo kabla ya kushika nyundo. Saa nne vya kichwa. Mchana vya mafua. Jioni tena vya mgongo nipate nguvu ya kusonga ugali. Niliona ni haki kila ugonjwa upate dawa yake. Tena nilijiona mwerevu, kwa maana sikuwa nazidisha aina moja. Wenzangu waliobugia vyeupe pekee, nane kwa siku, niliwaonya kama mama yao.

Mtaona werevu wangu ulivyonilipa.

Sasa niwaambie kuhusu Akinyi. Akinyi alikuwa mke wa kaka yangu Owino, huko Magunga. Aliletwa bomani mimi nikiwa bado msichana wa nyumbani, tukachota maji pamoja, tukagawana hata kanga. Sisi mawifi kwa Kijaluo tunaitana yuora, na katika maisha yangu hakuna mtu aliyelitamka neno hilo kwa utamu kama yeye. Alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka hata kwenye matanga, akikumbuka vituko vya marehemu.

Yeye na wanawake wa kikundi chao walikuwa na pipa la kutengenezea mafuta ya majani. Unalijaza mchaichai na mrehani, unachochea moto chini, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa katika maji baridi, unadondoka kwenye chupa tone kwa tone. Maji yanakaa chini na mafuta yanaelea juu, membamba kama utando wa maziwa. Gunia zima la majani linakupa vijiko vichache. Walitia mafuta hayo kwenye sabuni, mengine wakauza ya kufukuza mbu. Ilikuwa kazi safi. Nyumba ya Akinyi ilinukia ndimu mwaka mzima, na mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Kisha akaja kijana wa chuo kikuu kuchukua sampuli za majani. Akawaambia kwamba kuna maabara ambako panya walipewa dawa ya maumivu kupita kiasi, mpaka ini likaharibika. Panya wengine walitanguliziwa mafuta ya mimea kama hii, na ini lao halikuharibika sana kama la wenzao. Akinyi alinisimulia haya nilipokwenda nyumbani kumwona mama. Alinisimulia pia jinsi kijana alivyomalizia.

"Alisema, 'Lakini hao bado ni panya, akina mama. Msianze kukunywa.'"

Tukacheka sote wawili. Tukakubaliana kwamba wasomi ni waoga wa kumaliza maneno yao.

Nilirudi Masara na chupa mbili. Habari za panya nilizibeba. Ile ya kwamba bado ni panya niliiacha Magunga.

Kuanzia hapo nikawa natia kijiko kimoja cha mafuta kwenye chai kila asubuhi. Yaliunguza koo na tumbo, nikasema dawa kali ndiyo dawa. Na kwa kuwa sasa ini langu lilikuwa na mlinzi, sikuona sababu ya kubana vidonge. Mgongo ukiuma saa tano, nameza. Ukiuma saa saba, nameza. Jirani yangu wa kuponda mawe, mama mmoja Mkuria aliyekuwa haogopi mtu, aliniambia waziwazi.

"Wewe nyar Magunga, hizi dawa zitakumaliza."

"Mimi niko na kinga," nikamjibu.

"Kinga gani?"

Nikamwonyesha chupa. Akainusa, akanirudishia, akashika nyundo yake. Baadaye alikuja kuninunulia vitunguu nilipokuwa nimepona, na hakunikumbusha. Afadhali angenikumbusha, maana ningepata mtu wa kumkasirikia.

Ugonjwa ulianza kwa kuchukia chakula. Harufu ya omena ilinitoa nje mbio. Nilitapika maji machungu ya kijani, nikajua ni malaria, kwani kwetu kila kitu ni malaria mpaka kithibitishwe vingine. Nikanunua dawa ya malaria kibandani, na kwa ajili ya homa nikaongeza vile vyeupe. Yaani ini lilikuwa linaungua, na mimi nikalimwagia mafuta ya taa.

Maumivu yakakaa chini ya mbavu za kulia, mazito, kama mtu ameniwekea jiwe la kuponda ndani. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya strungi. Choo kikawa cheupe kama udongo wa kusiriba ukuta. Kisha ukaja mwasho. Huo mwasho sitausahau. Haukuwa juu ya ngozi ambako kucha zinafika, ulikuwa ndani. Nilijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka mapaja yakatoa damu. Asubuhi moja Brian, mwanangu wa darasa la nne, aliniangalia nikimfunga vifungo vya shati akasema, "Mama, macho yako ni kama ya kuku." Nikachukua kioo. Sehemu yote nyeupe ya macho ilikuwa imegeuka manjano.

Mama mkwe wangu alisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa sababu mwaka ule nilipanda mahindi kabla yake yeye mkubwa wa boma. Kweli nilipanda kabla yake. Mvua haikungoja mtu. Nilimkatalia chira kwa sauti kubwa, lakini moyoni nilifurahi kidogo, maana chira kinatafutiwa mzee na kondoo wa kukiondoa, vidonge vinamtafuta mwenye kuvimeza.

Mume wangu, Odhiambo, alisema twende hospitali. Nikamwambia angoje mafuta yafanye kazi. Nikaongeza kijiko, vikawa viwili. Akangoja siku tatu. Siku ya nne nilitia chumvi kwenye chai yake, nikamwita Brian kwa jina la baba yangu aliyekufa zamani, kisha nikaketi mlangoni na damu ikitoka puani bila mimi kujua. Hayo nilisimuliwa. Mimi nakumbuka tu mwanga wa mlango na nzi.

Migori walinipima damu wakaniandikia kwenda hospitali kubwa Homa Bay siku hiyo hiyo. Ninachokumbuka cha kwanza huko ni harufu. Kulikuwa na dawa waliyoichanganya kwenye dripu, na ikifunguliwa inanuka mayai viza. Nilidhani nimekufa na kwamba Jehanamu inanuka hivyo. Kulikuwa na sindano nyingine za kuzuia damu isitoke ovyo. Na kulikuwa na sharubati tamu waliyoninywesha ya kuharisha, ili sumu itoke kwa chini isipande kichwani. Ilitoka kwa chini, nawaambia. Nilijiharishia kitandani mchana kutwa kama mtoto mchanga.

Na aliyenisafisha ni Akinyi. Alisikia niko hospitalini akaja kutoka Magunga na leso mbili na beseni. Alikaa wiki tatu. Alinigeuza, akanifuta, akafua mashuka kwa mkono wakati wahudumu wamechoka, akanikata kucha nisijichubue. Siku moja nilipopata fahamu nikaona anayonifanyia, nililia kwa aibu. Akacheka kicheko chake.

"Yuora, wewe nyamaza. Mavi ya mtu mzima si kitu. Yako hata inanuka mchaichai."

Alikuwa amekuja pia na chupa. Kila asubuhi alinipaka tone moja kwenye paji la uso na jingine chini ya pua, akaomba. Harufu ile ya ndimu ilifukuza ile ya mayai viza, na kichefuchefu kilipungua nikaweza kumeza uji. Hicho ndicho mafuta yalichonifanyia. Si kidogo, lakini ni hicho tu.

Nilipoweza kuketi, daktari alikuja na mfuko wangu wa vidonge ambao Odhiambo aliuleta. Alikuwa mwanamke kijana, mfupi, sauti kavu, asiyebembeleza mtu. Akapanga pakiti tatu juu ya shuka.

"Mama, umesoma?"

"Nimefika kidato cha pili."

"Soma maandishi madogo hapa."

"Parasetamoli."

"Na hapa?"

"Parasetamoli."

"Na hii ya mafua?"

Sikusoma. Nilikuwa nimeliona neno lile kabla hajaweka kidole.

"Umekuwa ukinywa dawa moja kwa majina matatu," akasema. "Kwa miezi. Mtu akinywa kwa kiasi, hii dawa haina shida. Wewe ulipita kiasi kila siku. Na hii chupa ni ya nini?"

"Ni ya kulinda ini."

Akainusa, akavuta kiti akaketi. Nikamweleza habari ya panya. Hakucheka.

"Hao panya walipewa kiasi gani?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui ya binadamu ni ngapi, na hakuna mwenye anajua saa hii. Pengine siku moja itatoka dawa kwa hayo majani, sikatai. Lakini mafuta makali hivi ukikunywa kwa kijiko inaweza umiza ini yenyewe. Na shida kubwa si hiyo. Shida ni ulidhani uko na ngao, ukaingia vitani uchi."

Akafunga mfuko akaondoka nao. Sikumwambia asante. Nilimchukia. Alikuwa ameniokoa, na alikuwa ameniambia mimi ni mjinga. La kwanza hupendi kulikumbuka ukishasikia la pili.

Niliruhusiwa nikiwa mifupa na macho. Ngozi ilikaa na rangi ya ndizi mbivu kwa wiki nyingine nyingi. Nilikula ugali na mboga bila mafuta, nikalala mchana kama paka, nikarudi kliniki kupimwa ini mpaka wakaniambia limerudi. Ini ni kiungo chenye huruma. Ukiliacha lipumzike linajijenga tena. Kuna watu wasio na huruma hiyo.

Nilipopata nguvu ya kusimama, nikasimama kanisani. Akinyi alikuwa amekuja kutoka Magunga kunisindikiza, amevaa nguo yake ya buluu, ameketi mstari wa mbele. Nilikuwa nimepanga kusema ukweli. Lakini nilipowatazama watu nikaona nitakachosema: kwamba nusura nijiue mwenyewe kwa vidonge vya kibandani, kwamba nilijiharishia kitandani, kwamba dripu inayonuka mayai viza ndiyo iliyoniponya pamoja na kuacha upumbavu wangu. Nani ataitikia haleluya kwa hayo? Nikamtazama Akinyi aliyenifuta mavi wiki tatu. Nilitaka kumpa kitu mbele ya watu. Nikafungua mdomo.

"Madaktari walikuwa wamekata tamaa," nikasema. Hawakuwa wamekata tamaa hata siku moja. "Lakini wifi yangu huyu alinipaka mafuta ya mchaichai, nikanywa, na Mungu akaligusa ini langu!"

Kanisa lililipuka. Akinyi alilia na kucheka pamoja. Kuna mtu alikuwa anarekodi kwa simu. Nilimshukuru Akinyi kwa kitu ambacho hakukifanya, na kile alichokifanya kwa mikono yake sikukitaja, kwa sababu kilikuwa kinanuka.

Baada ya wiki moja sauti yangu ilikuwa imefika Suna, Rongo, Mbita, hata Tanzania. Watu walitumiana katika magrupu ya kanisa na ya matanga. Wanawake wa Magunga walikosa majani ya kutosha. Wagonjwa wa ini, wa pombe, wa sukari, wote walitaka. Nilikutana na watu wasionijua wakiniigiza: "Mungu akaligusa ini langu!" Nilitabasamu. Nilijiambia, mafuta ya majani yatamuua nani?

Mwaka haukuisha Akinyi akaanza kukohoa. Alipimwa akakutwa na TB, akaanzishiwa dawa kwenye kituo cha afya. TB inapona, tunajua, tumewaona waliopona. Muuguzi alimwambia mambo mawili. Kwamba asiruke hata siku moja. Na kwamba dawa hizi kwa watu wachache huchoma ini, kwa hiyo akianza kutapika, au mkojo kuwa mweusi, au macho kuwa manjano, aache kumeza aje siku hiyo hiyo. Akinyi aliyashika yote mawili kichwani. Lakini kati yake aliweka la tatu, ambalo nililifundisha mimi.

Alinipigia simu Alhamisi mchana. Nilikuwa sokoni Suna nauza mboga, maana nyundo niliiacha. Sauti yake ilikuwa imechoka lakini bado ina kicheko.

"Yuora, hii macho yangu imekuwa kama yako ile ya kuku."

Nilikaa chini kati ya sukuma wiki.

"Tangu lini?"

"Jana. Nimetapika pia. Lakini sijaruka dawa, namezea na mafuta. Nimeongeza iwe vijiko viwili, kama wewe."

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Maneno yalikuwa machache. Acha vidonge, mwaga mafuta, panda pikipiki sasa hivi. Mimi nilidanganya kanisani. Ningeyasema yote kabla mteja hajachagua fungu lake. Badala yake nikamuuliza kama amekwenda kliniki.

"Nitaenda. Lakini watanipigia kelele juu ya mafuta. Si wewe mwenyewe ni shahidi? Inafanya kazi au haifanyi?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Sasa naisikia ile simu na najua alikuwa ananiuliza kweli, alitaka nimwambie. Nami niliona lile kanisa lote, na nguo yake ya buluu, na machozi yake.

"Inafanya," nikasema. "Lakini Jumatatu uende, wakuangalie tu."

"Sawa, yuora. Jumatatu."

Ijumaa alimeza. Jumamosi alimeza. Jumapili kaka yangu alinipigia akasema Akinyi analala sana, akiamshwa anaongea mambo ya utoto. Nilipiga yowe sokoni. Nikamwambia yote kwa simu, nikipayuka mpaka wateja wakarudi nyuma. Walimbeba mpaka Homa Bay, hospitali ile ile, wodi ile ile, na daktari yule yule wa sauti kavu alikuwepo. Nami nilifika. Nilishika beseni. Nilimgeuza, nikamfuta, nikafua mashuka, kwa siku mbili tu, maana sikupewa zaidi. Alikufa Jumanne saa sita mchana, harufu ya ndimu ikiwa bado kwenye nywele zake.

Daktari alinikuta nje kwenye benchi. Alinitambua.

"Angekuja Alhamisi," akasema. Hakumaliza. Nilikuwa nimejifunza kumaliza mwenyewe.

Kwenye mazishi mfawidhi wa shughuli alisoma wasifu. Akasema marehemu atakumbukwa kwa mafuta yaliyomfufua wifi yake. Watu wakanigeukia kwa upole. Nilikuwa na nafasi tena, mara ya tatu, na nikainamisha kichwa. Baada ya kufukia kaburi kaka yangu Owino alinijia. Nilitaka anipige.

"Alikuwa anaisikiza sauti yako kila jioni," akasema. "Ile ya kanisa. Kabla ameze dawa. Alisema inampatia nguvu."

Ushuhuda hutolewa ili wengine watiwe moyo. Akinyi alitiwa moyo.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kanisani nikapewa dakika tatu. Nilisema niliyosema hapa, kwa haraka. Hakuna aliyeitikia. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwa sauti kwamba huzuni imenivuruga. Mchungaji alinishika bega baadaye.

"Dada, ushuhuda unafaa kujenga."

"Ule wa kwanza ulijenga nini, mchungaji?"

Aliuondoa mkono begani. Ni mtu mwema, lakini naye alikuwa na chupa ofisini. Nje ya mlango mama mmoja alinivuta pembeni. Nikadhani amenielewa. Akaninong'oneza kama najua nani anauza mafuta sasa kwa vile Akinyi hayuko.

Ile ya dakika tatu hakuna aliyeirekodi. Ile ya kwanza bado inatembea kwenye simu. Mwezi jana niliisikia pale stendi ya Migori, kwa simu ya mtu nisiyemjua, amempa mgonjwa wake asikilize. Nikamwambia, huyo ni mimi, na ni uongo. Akanitazama toka juu hadi chini, mwanamke wa mboga, akaongeza sauti.

Ndiyo maana nimeandika. Karatasi hainipi dakika tatu.

Nanyi niwaambieni niliyoyalipia. Geuza pakiti usome maandishi madogo, kama hujui kusoma mpe mtoto akusomee, kwani dawa moja huvaa nguo nyingi. Daktari wako ajue kila unachomeza, hata majani, hata cha aibu. Sisemi majani ni mabaya. Mchaichai uko kwenye chai yangu leo, majani yenyewe, kwa sababu naupenda na kwa sababu unanikumbusha mtu. Wasomi na waendelee na panya wao, na siku wakiwa na hakika waje watuambie wenyewe. Wasituletee kupitia kwangu. Na uliye na TB, meza dawa zako, zinaponya. Jua tu siku ya kuziacha na kukimbilia hospitali.

Namshukuru daktari wa sauti kavu. Nimerudi kumwambia, na bado hakunibembeleza. Namshukuru Akinyi, si kwa mafuta. Namshukuru kwa beseni, kwa leso mbili, kwa kucha zangu alizozikata. Bwana asifiwe kwa mikono ile, ambayo niliiacha bila sifa ilipokuwa hai. Mgongo wangu bado unauma, na sinywi chochote. Nauacha uume.

Na wewe, asubuhi ukiona kwenye kioo macho yamegeuka manjano, usinikumbuke mimi, wala usitafute sauti yangu kwenye simu. Hata kama ni Alhamisi, na una mambo yako, na kuna mtu unayempenda amekwambia inafanya, nenda.

Usingoje Jumatatu.